Baridi kwa Chiriku

3 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia, maana nikikaa nitasinzia. Huku wazima. Shemeji yako anakohoa na kushikilia kwamba si sigara, ni vumbi. Cherehani yangu ya umeme imekufa, nimerudia ile ya miguu, na magoti yananishtaki kila jioni. Wifi yangu vipi? Barua tatu sasa simwoni hata kwenye salamu. Kama nimemkosea aseme, asininunie kimyakimya.

Watu huandika "hofu ni kwako" bila kuifikiria. Mimi safari hii hofu iko kwangu, na sijui niiweke wapi. Unamjua mjukuu wangu Chiriku, aliyeachwa kwangu mama yake alipokwenda masomoni. Unajua hatoki jasho. Alizaliwa hivyo, na joto likimwingia halina pa kutokea. Nyumbani namweza: namvika nguo iliyoloweshwa, anashinda kivulini, anapiga domo. Tatizo ni hospitali. Kila wiki mbili daktari anataka kumwona, na ni mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, tena kurudi ni saa nane mchana. Usiku hatuwezi, kwa sababu macho ya shemeji yako gizani hayatofautishi ng'ombe na daraja.

Juzi tulikwama nyuma ya lori lililokatika ekseli. Dakika arobaini. Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, akanyamaza. Nilimgusa paji la uso nikaurudisha mkono haraka. Tulimmwagia maji ya kunywa yote na yale ya rejeta. Nimeogopa katika maisha yangu, lakini si hivyo.

Nataka kiyoyozi ndani ya gari. Wewe ndiye fundi wa viyoyozi, chagua. Najua utasema Bibi Kizee ni gari la mwaka sitini na tatu na hakutoka kiwandani na kitu hicho. Usiniambie tumuuze. Shemeji yako ataniuza mimi kwanza. Joto kali linaanza Novemba.

Dada yako


24 Septemba 1996

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango wa karakana. Mimi ni mzima wa kutembea. Wifi yako yuko kwao, mama yake haumwi sana ila anahitaji mtu. Mwandiko usikushangaze, nilijikata kidole.

Sasa kiyoyozi. Utakutana na mtu wa kukuuzia sanduku la barafu lenye feni. Likatae. Baada ya saa moja ni ndoo ya maji ya vuguvugu. Utakutana na mwingine wa kukusifia mfumo mkubwa, ule wa kufumua dashibodi nzima. Ni mzuri kwa gari lenye nguvu, lakini kompresa yake, ile pampu ya kusukuma gesi, itamkaba koo Bibi Kizee kwenye mlima wa kwanza. Injini itachemka, gari litazima, baridi nayo itazima, na mtoto yumo ndani juani. Hilo ndilo la kuepuka kuliko yote.

Kinachokufaa ni kile kisanduku kidogo kinachoning'inia chini ya dashibodi, na kompresa ndogo pembeni mwa injini. Mbele ya rejeta itakaa rejeta nyingine ya kupozea gesi. Dinamo yenu haitatosha kwa umeme, nitatafuta alteneta yenye nguvu zaidi. Kibano cha kushikia kompresa hakiuzwi dukani, nitakichonga mwenyewe, kwa hiyo nahitaji vipimo: upande wa kulia wa injini, nafasi kati ya feni na rejeta, na chini ya dashibodi. Pima kwa tepu, usikadirie kwa jicho.

La mwisho. Asiguse mtu mwingine. Gesi nitaituma mimi, kwenye mtungi wenye alama yangu. Usinunue gesi kwa mtu. Narudia, dada, usikubali gesi ya mtu yeyote.

Mdogo wako


9 Oktoba 1996

Mdogo wangu,

Wazima, ila mimi nimenuka oili siku mbili na mteja mmoja amekataa kupimwa gauni. Nimempima Bibi Kizee kama bi harusi: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Halafu nikaona namba zitakuchanganya, nikafanya ninavyojua. Nimelaza magazeti juu ya injini, nikachora kwa chaki, nikakata. Vipande vitano hivi hapa ndani ya bahasha, kila kimoja nimeandika mbele na nyuma. Chonga kwa kufuata karatasi, usiongeze wala kupunguza. Nimekata kwa mkono huu uliokushonea kaptula ya kwanza ya shule.

Chiriku amekaa juu ya tairi akinisimulia habari za mende aliyemwona chooni, tangu mende alipoingia mpaka alipotoka. Ameuliza kama baridi utaileta kwenye mfuko au kwenye chupa.

Gesi umeitaja mara tatu. Kidole ulijikata na nini? Na mama mkwe anaumwa nini hasa, mbona dada wa wifi niliyemwona sokoni anasema mama ni mzima wa afya?

Dada yako


2 Novemba 1996

Dada, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Karatasi zako ni kazi safi, nimezibandika ukutani na mafundi wenzangu wamezistaajabia. Kibano nimekichonga kwa kuzifuata, hakikupungua wala kuzidi hata unywele. Nakituma leo kwa lori pamoja na kisanduku, mabomba na alteneta. Shemeji akijaribishe tu kama kinakaa, kisha akitoe. Kompresa nasubiri, nimeahidiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Gesi itakuja nayo.

Mambo ya sokoni tuyaache sokoni.

Wakati mnasubiri, msisafiri mchana. Mwombe daktari awape nafasi ya asubuhi. Nisubiri, dada. Najua ni vigumu.

Mdogo wako


21 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye tanuri, maana hapa si mji tena. Kwanza nikiri kosa langu, unicheke halafu tuendelee. Kibano hakikukaa. Kimezidi nusu inchi kila upande. Shemeji yako alisukuma, akatukana, akapiga nyundo, mpaka mimi nikasimama pale nikajishika kichwa. Miaka thelathini sijawahi kukata karatasi bila kuacha nafasi ya mshono. Mkono umezoea. Nimekutumia injini yenye mishono, na wewe ukachonga chuma chenye mishono.

Nilicheka siku hiyo. Jumanne ya wiki iliyopita sikucheka. Daktari hakuwa na nafasi ya asubuhi, tukarudi mchana, na Chiriku akanyamaza tena. Alikuwa anatazama dirishani, na nilipomwita hakugeuka. Nilimshusha kwenye nyumba ya watu nisiowajua, nikamtia ndani ya pipa la maji na nguo zake, naye akakaa humo kimya kama si yeye. Robo saa nzima ndipo akaniuliza pipa ni la nani.

Sikuweza kusubiri. Najua ulivyosema. Kuna fundi hapa, wanamwita Daktari wa Baridi, kijana mtu mzima mwenye mke na adabu zake. Amekata kibano chako, amekikaza, amefunga kompresa kutoka kwenye gari lililopinduka, na kwa siku mbili kazi imekwisha. Baridi, mdogo wangu. Meno yanagongana. Tumemjaribu Bibi Kizee njia ya hospitali, na Chiriku ameongea njia nzima, saa tatu, mpaka shemeji yako akaomba dua anyamaze, na mimi nikalia kwa furaha nikijifanya napiga chafya.

Gesi yako haikuhitajika. Ana mtungi wake, anasema inapoza kuliko ya dukani. Kuna harufu kidogo tukiwasha, kama kabichi iliyolala siku nyingi. Anasema ni mpira mpya wa mabomba, utazoea. Shemeji yako amekuwa bwana mkubwa, anafunga madirisha yote na kuwasha sigara yake humo humo. Namgombeza kwa ajili ya kifua cha mtoto lakini ndiyo hivyo, sikio la kufa halisikii dawa.

Usikasirike. Ungemwona kwenye lile pipa nawe ungefanya hivyo.

Dada yako


SIMU YA MAANDISHI, 6 Desemba 1996

GESI HIYO NI YA KUPIKIA. MSIWASHE BARIDI. MSIWASHE SIGARA. FUNGUENI MADIRISHA. FUNDI AITOE GESI UWANJANI MBALI NA MOTO. BARUA YAJA.


23 Desemba 1996

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Shemeji yako mzima. Mimi sijui.

Barua uliyosema yaja haijaja. Siku kumi na saba.

Simu yako ilifika Ijumaa. Nilitii. Daktari wa Baridi nilimwita, akabisha, nikamwambia aitoe hata kama ni dhahabu, akaitoa uwanjani. Jumatatu ilikuwa siku ya hospitali. Tulikwenda madirisha wazi kama ulivyoagiza, na upepo ulioingia ulikuwa wa jikoni. Nilibeba ndoo mbili za maji. Zilikwisha kabla ya nusu ya njia ya kurudi. Chiriku alinyamaza, halafu macho yakapanda juu, halafu mwili mzima ukaanza kutikisika mikononi mwangu. Tuligeuza gari. Walimlaza kwenye barafu siku tatu. Wakati wote huo nilikuwa nikijiambia kwamba nimemuua kwa kukutii.

Yuko hai. Siku ya tatu alimwambia muuguzi kwamba viatu vyake vinapiga kelele kama bata, ndipo nikajua amerudi. Lakini anatembea akishika ukuta, na daktari amesema tusimsafirishe tena mpaka kuwe na baridi ndani ya gari, au yeye hatawajibika kwa kitakachotokea.

Sasa nijibu. Nilimwuliza Daktari wa Baridi, mdogo wangu amejuaje kwa harufu niliyoiandika kwenye karatasi? Akasema hakuna fundi anayeweza kujua hivyo ila aliyewahi kuitumia.

Na kwa kuwa hunijibu, nilimwandikia wifi yangu kwao moja kwa moja. Amejibu mstari mmoja. "Mwambie mdogo wako akuonyeshe mkono wake."

Uko wapi mkono wako?

Dada yako


8 Januari 1997

Dada, shikamoo.

Mnisamehe, wote wawili, na Chiriku. Barua ile niliiandika mara nne nikaichana mara nne. Hii ya tano naipeleka posta bila kuisoma tena.

Mwaka juzi gesi halali iliadimika. Wateja walikuwa wanangoja wiki, wananuna, wanahama. Kila fundi alijua kwamba ya kupikia inapoza, tena vizuri sana. Tuliambiana ukikaza mabomba vizuri haina neno. Nilijaza magari kumi na manne ya watu. Nikajaza na langu.

Mwezi wa Mei mwaka jana tulikuwa tunarudi mjini usiku, mimi na wifi yako, madirisha tumefunga. Alisema kuna harufu. Nikamwambia ni mpira mpya, utazoea. Maneno hayo hayo, dada, niliyoyaona kwenye barua yako, na karatasi ikaniponyoka. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba, akasema niwashie taa ya ndani. Nikabonyeza. Hewa yote ikawaka. Haikuchukua muda hata wa kupiga kelele.

Yeye ni uso upande wa kushoto, shingo na masikio. Mimi ni mkono wa kulia. Vidole viwili havipo na vitatu havikunji. Naandika kwa wa kushoto. Hakunilaani hata siku moja. Alivumilia mwezi mzima nyumbani, halafu akaniambia kwa upole kwamba kila ninaponyoosha mkono kwenye swichi ya taa anaruka, na hawezi kuishi anaruka. Akaenda kwao. Ilikuwa haki yake.

Sikuwaambia kwa aibu. Mngekuja, mngemwona.

Tangu hapo nimewatafuta wale kumi na wanne. Kumi na wawili nimewapata nikawatolea gesi bure, nikisema ni ukaguzi tu. Mawili yaliuzwa, sijui yako wapi. Nikiona moshi barabarani natoka kazini kwenda kutazama ni gari gani.

Lori la wiki hii lina ile kompresa ndogo iliyochelewa, mtungi wa gesi halali na kibano kipya kisicho na mishono. Tafuta fundi mwingine, si yule. Mimi siwezi kuja. Karakana sasa wanafanya wengine, hata kibano walikichonga wao, mimi nasema tu. Nikishika bomba la gesi naliachia hapo hapo na kukimbilia nje. Na sitaki Chiriku auone huu wa kulia.

Mdogo wako


29 Januari 1997

Mdogo wangu,

Barua hii namkabidhi dereva wa lori lililoleta mizigo yako. Atakuwa kwako kesho jioni. Isome hapohapo mbele yake.

Nimekulilia na nimekukasirikia, na vyote viwili bado sijavimaliza. Hayo tutayasema ana kwa ana. Kuna jambo haliwezi kungoja posta.

Nilimwita Daktari wa Baridi nimsomee barua yako, nikitaka kumtia adabu. Alikaa kwenye benchi la wateja wangu akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atabisha. Akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa kibarua kwenye karakana yake ule mwaka juzi. Nilimwona kwa macho yangu akijaza. Nilijua yeye ndiye fundi kuliko wote, nikadhani ndivyo kazi inavyofanywa." Uliposimamisha, alikuwa ameshahamia huku. Hakuna aliyemwambia. Ungemwambia nani, na wewe ulikuwa unasema ni ukaguzi tu.

Amejaza magari kumi na tisa hapa mjini. Ameyaandika yote nyuma ya risiti yangu. La tatu ni basi dogo la shule ya chekechea. Watoto ishirini na wawili, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Shule inafunguliwa Jumatatu.

Tulikwenda kwa mwenye basi jana, mimi na yeye. Alitucheka. Akasema basi linapoza vizuri mwezi wa tano sasa, mbona halijalipuka? Akamwambia Daktari wa Baridi kwamba anataka kumlipisha kazi mara mbili. Akaniambia mimi nirudi kwenye vitambaa vyangu. Polisi wakaniuliza aliyeumia ni nani. Nikasema bado. Wakasema nirudi akiumia. Wenye magari mengine nane ni hivyo hivyo, wengine hawakufungua hata mlango.

Mimi ni fundi cherehani, na yule ni fundi aliyeharibu. Hakuna atakayetusikiliza. Wewe huhitaji kushika bomba lolote. Yeye atatoa gesi, anajua, na anaogopa sasa kuliko wewe. Kwa Bibi Kizee pia atafunga vitu vyako huku wewe ukisema. Ninachotaka kwako ni kwamba uusimamishe huo mkono mbele ya mwenye basi, usiufiche mfukoni, na umweleze ulipataje. Kisha mlango wa pili, na wa tatu, mpaka kumi na tisa.

Chiriku nimeshamwambia kwamba wewe, babu yake wa mjini, una mkono ulioungua. Ameuliza maswali arobaini na hakuogopa hata moja. Mimi ndiye ninayeogopa, naogopa Jumatatu.

Dada yako


SIMU YA MAANDISHI, 31 Januari 1997

NAPANDA BASI LA ASUBUHI. NAFIKA KESHO JIONI. BASI LA SHULE MLILALIE MLANGONI LISITOKE. DAKTARI WA BARIDI ANIPOKEE STENDI. MWAMBIE SIMGOMBEZI.